Boxer au TVS? Dabi nyingine ya Kariakoo

SIKU ya dabi Kariakoo huamka na rangi. Vijiwe vya bodaboda vya Mtaa wa Msimbazi, jirani na makao makuu ya Simba, hufunga vitambaa vyekundu kwenye vioo vya pikipiki. Ukikata mitaa ukatokea Twiga na Jangwani, kwa Wananchi, ni kijani na njano mpaka kwenye siti.

Utani unaanzia hapo. Wa Yanga watakukumbusha 5-1 ya Novemba 5, 2023. Wa Simba, hata wale ambao baba zao walikuwa hawajaoa, watakupeleka hadi Julai 19, 1977, siku Mnyama aliposhinda 6-0 na Abdallah Kibadeni akaondoka na mabao matatu peke yake.

Lakini kaa kijiweni dakika ishirini tu, abiria wapungue, utasikia ubishi mwingine ambao hauangalii jezi. Shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga wanajikuta upande mmoja, wanamshambulia mwenzao wa upande wa pili. Hoja ni moja tu: Boxer au TVS?

Ubishi huo hauna mwamuzi wala VAR, na wanaobishana wanajua kwamba gharama yake ni kubwa kuliko ya mpira. Timu yako ikifungwa Jumamosi unalala vibaya, Jumatatu unarudi kazini. Ukikosea kuchagua pikipiki, unalia mwaka mzima na zaidi, na kila siku jioni kuna mtu anakupigia simu kuuliza hela yake iko wapi.

HESABU HAIAHIRISHWI

Chukua mfano wa winga wa timu ya mtaani pale Ilala. Jioni anacheza ndondo, asubuhi ni deiwaka, anaendesha pikipiki za watu pale mwenyewe anapoumwa au anapokwenda msibani. Sasa amechoka na udeiwaka, anataka chombo chake.

Ana njia mbili. Ya kwanza ni taslimu. Pikipiki mpya ya daraja hili inacheza kwenye milioni mbili na nusu hadi milioni tatu na ushee, kutegemea ukubwa wa injini, duka, na dola imeamkaje wiki hiyo. Fedha hiyo wengi hawana, ndiyo maana wanapita kwenye vikoba, kampuni za mikopo, au kwenye vikundi vinavyoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo ndani yake asilimia 4 ni ya vijana.

Njia ya pili ndiyo inayojaza vijiwe vya Dar es Salaam: mkataba. Bosi ananunua pikipiki, dereva anapeleka hesabu kila siku, na muda ukiisha chombo kinakuwa chake.

Piga hesabu nyepesi. Tuseme mkataba ni Sh10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 15. Hiyo ni Sh3.9 milioni. Pikipiki ambayo dukani ingechukuliwa kwa Sh2.8 milioni, dereva anaimaliza akiwa ameongeza Sh1.1 milioni juu yake. Hapo hujaweka mafuta, oili, tairi, wala ile faini ya trafiki ambayo Serikali iliishusha kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 kwa bodaboda na bajaji mwaka 2021.

Na hesabu haijui ratiba ya ligi. Machi 8, 2025 mashabiki walikuwa wameshafika Dar kutoka mikoani kwa ajili ya dabi. Simba wakagoma kucheza baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, mchezo ukaahirishwa siku ileile, ukaja kuchezwa Juni 25 na Yanga wakashinda 2-0. Bodi ya Ligi inaweza kuahirisha dabi. Bosi haahirishi hesabu.

Ndiyo maana swali la Boxer au TVS si la ushabiki. Ni swali la chombo kipi kitafanya kazi siku 26 kati ya 26, na kipi kitakulaza siku nne gereji ukisubiri spea.

NDUGU WAWILI WA INDIA

Kinachowachanganya wanunuzi ni kwamba pikipiki hizi zinafanana kama pacha. Zote zinatoka India. Zote zina silinda moja inayopozwa na upepo. Zote zinakuja katika ukubwa uleule: cc 100, cc 125 na cc 150. Siti ndefu, keria nyuma, tangi la wastani. Ukiziegesha mbili nyeusi usiku bila nembo, hata wenyewe wa kijiweni wanaweza kubishana.

Boxer inatengenezwa na Bajaj Auto ya Pune, kampuni ileile iliyoipa Tanzania neno bajaji. Hapa jina la kampuni likahamia kwenye magurudumu matatu, pikipiki yao ikabaki na jina lake. Boxer za mwanzo, miaka ya 1990, zilikuwa na mkono wa Kawasaki ya Japan.

Kuna kisa cha Boxer ambacho mtu wa mpira atakielewa haraka kuliko mhandisi. Mwaka 2011 Bajaj waliirudisha Boxer nyumbani India, safari hiyo ikiwa na injini ya cc 150, wakiwalenga watu wa vijijini. Haikuuza kama walivyotarajia na haikudumu. Mashine hiyohiyo huku Afrika ikawa mfalme wa vijiwe. Ni kama yule straika anayeonekana galasa kwenye ligi ya kwao, akivuka mpaka anachukua kiatu cha dhahabu.

TVS nao wana historia yao. Herufi hizo ni za T.V. Sundaram Iyengar, aliyeanza na biashara ya mabasi kusini mwa India mwaka 1911. Pikipiki zilikuja baadaye sana, na kwa miaka mingi kampuni ilifanya kazi na Suzuki kabla ya kuachana mwaka 2001. Toleo la HLX, ambalo ndilo linalopambana na Boxer mitaa ya Kariakoo, lilianza mwaka 2013 likiwa limelengwa hasa soko la Afrika.

Kwa hiyo mmoja alisoma kwa Kawasaki, mwingine kwa Suzuki, wote wakafanya mtihani uleule: pikipiki nyepesi, isiyokunywa, inayobeba mtu na mzigo, na ambayo fundi wa chini ya mwembe anaweza kuifungua kwa spana chache. Ajabu ingekuwa kama zisingefanana.

SHIDA HAIANZII KWENYE NEMBO

Wengi wanaingia dukani wakiwa wameshaamua nembo, halafu cc wanachagua kwa macho. Wamegeuza mambo. Kati ya Boxer 150 na HLX 150 tofauti ni ndogo. Kati ya cc 100 na cc 150 tofauti unaiona kila jioni mfukoni.

Dereva anayezunguka Kariakoo, Mnazi Mmoja, Ilala na Magomeni anaishi kwenye foleni na safari fupi fupi. Anawasha, anazima, anajipenyeza kati ya mikokoteni na wapiga debe, anasimama. Huyu hana barabara ya kukimbilia. Cc 100 inamtosha, na inamtunzia mafuta.

Tuseme anatembea kilomita 150 kwa siku. Pikipiki moja inampa kilomita 50 kwa lita, nyingine 40. Ya kwanza itakula lita 3, ya pili lita 3 na robo tatu. Kwa mafuta ya Sh3,000 kwa lita, tofauti ni Sh2,250 kwa siku. Inaonekana ni hela ya chai na chapati. Zidisha kwa siku 26 ni Sh58,500 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 15 ya mkataba, unakaribia Sh878,000. Ndiyo maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei kikomo za mafuta, vijiweni wanasikiliza kama wanasikiliza droo ya CAF.

Sasa mgeuze dereva huyo awe wa mizigo. Anachukua mabelo na maboksi Kariakoo anayapeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20, na Barabara ya Morogoro ina vilima vyake. Huyu akinunua cc 100 kwa kufuata mafuta, atakuwa anaipanda kilima na gia ya pili, injini inalia, na ndani ya mwaka ataanza kuona moshi wa bluu nyuma. Moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili: ringi zimechoka, wakati mwingine na silinda yenyewe. Alichookoa kwenye mafuta kinaishia kwa fundi. Kwa kazi hiyo cc 150 ndiyo saizi yake, na cc 125 ni ya anayechanganya abiria wa mjini na mzigo wa mara mojamoja.

Kwenye gia pia kuna ubishi. Boxer zilizozoeleka vijiweni ni za gia nne. HLX zipo za gia nne na za gia tano. Gia ya tano inasaidia barabara ndefu, injini inapumua mwendo ukikolea. Kwa anayekesha kwenye foleni ya Msimbazi na Uhuru, gia ya tano ni kama mchezaji wa akiba asiyenyanyuliwa kupasha misuli.

Mashabiki wa TVS wana hoja nyingine wanayoipenda: matoleo mapya ya HLX yana sehemu ya kuchajia simu. Zamani ungecheka. Siku hizi, ambapo safari nyingi zinakuja kwa simu kupitia programu kama Bolt, simu ikizima saa tisa alasiri dereva amezimika nayo.

SPEA NDIYO BENCHI LA UFUNDI

Kama kuna sehemu moja ambapo Boxer inatamba, ni hapa. Pita maduka ya spea kuanzia Msimbazi ukishuka hadi upande wa Gerezani. Cheni na sproketi, plagi, sahani za klachi, kebo, kabureta, taa, vioo, ringi na pistoni: vya Boxer vimejaa mpaka vinaning'inia mlangoni. Na si Kariakoo tu. Ukiharibikiwa Mkuranga au Chalinze, fundi wa kwanza utakayemkuta ameshafungua Boxer nyingi kuliko alivyofungua daftari la shule.

TVS wamepunguza pengo hilo kwa kiasi kikubwa, na Kariakoo hutakosa spea zake. Nje ya mji ndiko bado unaweza kuambiwa usubiri gari la jioni likuletee kutoka Dar. Kwa dereva wa Kariakoo ambaye hatoki mjini, hoja hiyo haina uzito mkubwa kama inavyopigiwa kelele. Kwa anayetaka kuipeleka pikipiki kijijini Rufiji au Kilwa, ina uzito wote.

Ila spea kujaa kuna upande wake mbaya. Kitu kinachouzika sana ndicho kinachoigwa sana. Boksi lina nembo ileile, rangi ileile, maandishi yamekaa vizuri, cheni ndani ni ya bati. Tume ya Ushindani imekuwa ikipambana na bidhaa bandia kwa miaka mingi, na bado muuza spea mwenye roho ya ukweli atakuuliza kabla hujalipa: unataka orijino au ya kawaida? Neno “ya kawaida” hapo lina maana yake na kila mtu kijiweni anaijua.

Cheni ya kawaida inarefuka haraka, inakula meno ya sproketi, na siku isiyo na jina inaruka ukiwa kwenye mwendo na abiria nyuma. Bei ya orijino inaweza kuwa mara mbili. Anayenunua za kawaida tatu kwa mwaka hajaokoa kitu.

Hivyo kabla ya kulipia pikipiki, mnunuzi makini hufanya mzunguko ambao hauchukui hata nusu siku. Anaingia maduka matatu ya spea, siyo moja, anauliza bei ya vitu vitano vya pikipiki zote mbili anazozifikiria: seti ya cheni na sproketi, sahani za klachi, pistoni na ringi zake, breki, na tairi la nyuma. Anaandika. Halafu anamtafuta fundi ambaye hauzi pikipiki, kwa hiyo hana anachopata kwa jibu lake, anamuuliza ni chombo gani kinarudi kwake mara nyingi na kwa tatizo gani. Karatasi hiyo itamwambia zaidi ya kipeperushi cha dukani chenye picha ya pikipiki iko juu ya mlima.

Kwenye kuuza tena, Boxer nayo iko mbele. Ukikwama ukataka hela haraka, haimalizi wiki. Lakini hilo nalo linakata kuwili, maana chombo kinachouzika haraka ndicho mwizi anachokitaka. Anayechukua Boxer aweke kwenye bajeti kufuli la maana na mahali pa kulaza chombo usiku.

MAJI YA JANGWANI

Barabara za Dar zina mtihani wake. Mvua ikinyesha, bonde la Msimbazi pale Jangwani linajaa na barabara inafungwa, kila mtu anatafuta njia ya kuzungukia. Dereva anayelazimisha kupita kwenye maji huvuta maji kupitia chujio la hewa, na injini ikishameza maji, iwe Boxer au TVS, kesi inakuwa moja. Angalia chujio la hewa limekaa wapi na plagi imefunikwaje. Hilo muuzaji hatakuonyesha mpaka umuulize.

Breki ndiyo inayosahaulika kabisa. Pikipiki nyingi za daraja hili zina breki za dramu mbele na nyuma, na baadhi ya matoleo yana diski mbele. Diski inashika vizuri zaidi hasa ukiwa na abiria na lami imelowa, ingawa inaongeza bei na spea zake ni ghali. Wenye haraka wanaiona kama urembo. Waende Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wakaone wodi zinavyopokea vijana wa bodaboda na abiria wao.

Hapo ndipo siku za mechi zinapotisha. Filimbi ya mwisho ikipulizwa Kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000 unamwaga watu barabarani kwa mpigo, na kila mmoja anataka kuwahi Kariakoo au Mbagala. Sheria inasema abiria mmoja na kofia ngumu. Mtaani wanabeba mishikaki, watatu na dereva wa nne, wameshika bendera kubwa inayopeperuka kwenye uso wa dereva. Pikipiki ya cc 100 yenye watu wanne na breki za dramu zilizoisha, ikishuka Chang'ombe kwenda VETA, haina cha Boxer wala TVS.

NA WALE WA CHINA?

Dabi ina timu mbili, ligi ina timu 16. Kabla Wahindi hawajatawala, mitaa ilikuwa ya Wachina: SanLG, Fekon, Toyo na wengine. Toyo ilisambaa kiasi kwamba sehemu nyingine jina lake likabaki kwa pikipiki yoyote. Bei yao ilikuwa rafiki, na ndizo zilizomfungulia kijana wa kawaida mlango wa biashara hii kabla kanuni za kuzisajili pikipiki kubeba abiria kibiashara hazijaja mwaka 2010.

Leo Wachina bado wapo, na si wote wa kubezwa. Haojue ya Guangdong, kwa mfano, imefanya kazi na Suzuki kwa muda mrefu na ina wapenzi wake waaminifu. Lakini kwa mtu wa mkataba, swali linarudi palepale: spea ziko wapi, na siku ukitaka kuuza nani atanunua?

Kuna pia wachache wanaotaka kitu kingine kabisa, zile pikipiki za kukalia kama uko kwenye kochi, mikono mbele, miguu mbele, tumbo nje, za mtindo wa Harley-Davidson ya Marekani. Mara mojamoja zinapita Posta au Masaki na watu wanageuka. Wenyewe nao wanaumizana vichwa kulinganisha matoleo yanayofanana, sema wao tofauti ni sauti ya ekzosi. Kwa Kariakoo, pikipiki ya namna hiyo haiwezi kupita hata kati ya mikokoteni miwili.

USAJILI UNA KARATASI

Simba na Yanga zinajua maumivu ya mchezaji aliyesajiliwa huku ana mkataba kwingine. Pikipiki nazo ziko hivyo.

Kwa pikipiki mpya, namba ya chasisi na namba ya injini zisomwe kwenye chuma kwa macho yako na zilingane na za kwenye kadi. Usisomewe. Uliza waranti ni ya muda gani au kilomita ngapi, sevisi za bure ni ngapi, na zinafanyika wapi. Duka likisema sevisi ni palepale Kariakoo, sawa. Likikutajia sehemu ambayo kwenda na kurudi ni nusu siku ya kazi, weka hiyo nusu siku kwenye hesabu zako.

Kwa iliyotumika, iwashe ikiwa ya baridi, si ile ambayo muuzaji ameshaizungusha mtaa mzima kabla hujafika. Angalia moshi. Sikiliza kama injini inagonga. Shika usukani uyumbishe, nyanyua gurudumu la nyuma ulitikise. Rangi mpya kwenye chombo cha zamani ina sababu, na sababu hiyo aitaje mwenyewe. Kisha hakiki umiliki TRA kabla hela haijatoka, kwa sababu kuna watu wamenunua pikipiki ambayo kadi yake iko kwenye kabati la bosi mwingine.

Na hapa ndipo yule winga wetu anapotakiwa kutulia. Katika mkataba wa hesabu, kadi inabaki kwa bosi mpaka siku ya mwisho, kwa jina la bosi. Kama makubaliano yalikuwa ya mdomo, mwezi wa 14 unaweza kugeuka mwezi wa kwanza. Pikipiki ikiibwa, nani analipa? Ikigongwa ikalala gereji wiki tatu, hesabu inasimama au inaendelea kuhesabiwa? Dereva akivunjika mguu kwenye ndondo, je? Hayo yaandikwe, yasainiwe mbele ya mashahidi, ikiwezekana serikali ya mtaa, na kila hesabu inayopelekwa iachie ushahidi. Wanaotuma kwa simu wana afadhali kuliko wanaopeana mkononi, maana meseji ya muamala inabaki.

Leseni ya udereva, bima na leseni ya LATRA viingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Kijana anayemaliza hela yote kwenye chombo akabaki na Sh20,000 mfukoni ataanza kazi akiwa anakwepa trafiki, na anayekwepa trafiki anapita njia ndefu na anakunywa mafuta mengi.

Basi achukue ipi? Kwa anayefanya kazi katikati ya mji, safari fupi, abiria mmoja mmoja, Boxer 100 bado ni ngumu kuiangusha kwa mafuta, spea na kuuzika. Kwa anayeishi kwa simu na kukimbia umbali wa kati, Mbagala, Kimara, Tabata, HLX 125 inastahili kujaribiwa kwa uzito, na ushabiki wa kijiweni usimzuie. Kwenye cc 150 mechi ni sare. Hapo aangalie nani ana bei nzuri wiki hiyo, nani ana waranti ya maana, na fundi wake wa karibu ana mkono wa nembo gani.

Ajaribu zote mbili kabla ya kutoa hela. Kimo cha siti, uzito wa klachi, kiuno baada ya kilomita kumi: vitu hivi havimo kwenye karatasi, na mtu atakayekaa juu ya chombo saa 12 kwa siku ana haki ya kuchagua kama anavyochagua njumu. Njumu nzuri ya mwenzako inaweza kukutoa malengelenge.

Akishalipa, asiiwahishe Kwa Mkapa siku hiyohiyo. Injini mpya haitaki kukimbizwa wala kubebeshwa mizigo kilomita mia kadhaa za mwanzo, na oili ya kwanza inamwagwa mapema kwa sababu inatoka na unga wa chuma wa vyuma vinavyozoeana. Wiki hizo za kwanza afanye safari fupi za mjini, abiria mmoja, mwendo wa taratibu. Bendera anaweza kufunga muda wowote.